Kurudi Katika Mchezo wa Njozi wa Mtandaoni Baada ya Miaka Mingi: Somo kwa Watoa Huduma za Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Mtoa huduma wa zahanati amezoea kumwuliza mgonjwa kuhusu pombe, tumbaku na, siku hizi, kubeti. Ni mara chache anapomwuliza mtu mzima mwenye kazi na familia kama usiku anacheza michezo ya simu. Michezo huhesabiwa kuwa mambo ya watoto na vijana. Hata hivyo, kizazi kilichoanza kucheza katika vibanda vya intaneti vya Mbeya, Dar es Salaam na Nairobi miaka ya 2000 sasa kina umri wa miaka thelathini hadi arobaini na kitu. Wengi wao waliiacha michezo hiyo walipopata ajira au kuoa na kuolewa. Baadhi yao wanairudia, kwa kuwa mchezo uliohitaji kompyuta na malipo ya kila saa sasa unaingia katika simu iliyo mfukoni.

Makala haya yanahusu kurudi huko. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza: (1) kueleza kwa nini mtu hurudi katika mchezo alioutupa kwa miaka mingi; (2) kutofautisha burudani ya kawaida na maradhi; (3) kumhoji mgonjwa bila kumwaibisha; na (4) kupanga naye hatua zinazotekelezeka katika mazingira ya kijijini.

Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo, na si cha mgonjwa yeyote mahususi.

Mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 34, anafika zahanati katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Analalamika kuumwa kichwa na kukosa usingizi kwa miezi mitatu. Amepimwa malaria mara mbili, hana vimelea. Shinikizo la damu ni la kawaida. Ameshapewa dawa za maumivu, na baadaye dawa za vidonda vya tumbo, bila nafuu. Mkewe, aliyemsindikiza, anasema kwa sauti ya chini: “Daktari, huyu halali. Anashika simu mpaka majogoo.” Mwalimu anainamisha kichwa.

Tabibu wa zamu, binti mdogo kwake kwa umri, anamwomba mama apumzike nje kidogo, kisha anasema: “Mwalimu, sikuulizi ili nikulaumu. Usiku usingizi unapogoma, huwa unafanya nini?”

Anajibu kwamba anacheza. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya, alijiunga na mchezo mmoja wa njozi wa mtandaoni. Aliuacha mwaka 2013 alipoanza kazi. Miezi kumi na nusu hivi kabla ya kufika zahanati mama yake mzazi alifariki, naye alifika msibani mazishi yakiwa yamekwisha. Alipopanga vitu vya marehemu alikuta sandukuni madaftari yake ya shule, ambayo mama aliyatunza yote. Nyuma ya daftari moja palikuwa na jina lake la mchezo na nywila. Usiku ule aliijaribu katika simu aliyoinunua Tunduma. Akaunti ilifunguka. Mhusika wake alikuwa amesimama palepale alipomwacha, na mavazi yake na akiba yake vilevile.

“Ulijisikiaje?” tabibu anauliza.

“Nikiingia mle, daktari, bado ni mwaka 2010. Mama yuko jikoni ananiita nikale.”

Jibu hilo ni muhimu kuliko idadi ya saa anazocheza, na ndilo litakaloongoza sehemu zinazofuata.

Michezo hii ni ya namna gani?

Katika mchezo wa njozi wa mtandaoni, mchezaji humbuni mhusika (shujaa, mchawi, mwindaji, fundi wa chuma) na kumwongoza katika ulimwengu wa kubuni pamoja na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Mhusika hupanda ngazi, hukusanya mali na hujiunga na kikosi cha wenzake. Mambo mawili huutofautisha na michezo mingine. Kwanza, hauna mwisho: hakuna filimbi ya kumaliza pambano. Pili, ulimwengu wake unaendelea hata mchezaji asipokuwapo, na mhusika wake hutunzwa kwa miaka.

RuneScape, uliotengenezwa Uingereza na kufunguliwa mwaka 2001, ulichezwa bila malipo ndani ya kivinjari cha kawaida, hivyo haukuhitaji kompyuta yenye nguvu. Mwaka 2021 ulipata toleo kamili la simu. World of Warcraft, wa Marekani, ulifunguliwa Novemba 2004. Mwezi Agosti 2019 watengenezaji wake walifungua upya toleo lililofanana na lile la zamani kwa sababu wachezaji walilidai, na watu waliokuwa wameuacha kwa miaka mingi wakarejea kwa wingi. Kurudi, basi, ni jambo la kawaida duniani, na peke yake si dalili ya ugonjwa.

Kwa nini mtu hurudi?

Sababu ya kwanza iko katika ubongo. Mwaka 1998 watafiti wa London walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapiga wanaume 8 picha za ubongo wakati wakicheza mchezo wa video. Waliona kwamba dopamini, kemikali inayohusika na motisha na kujifunza, ilimwagwa kwa wingi zaidi katika sehemu za ndani za ubongo. Dopamini hufunza ubongo kwamba jambo fulani linafaa kurudiwa. Funzo hilo halifutiki kwa kupita kwa miaka. Hulala, likaamshwa na ishara kama muziki wa mchezo, picha, jina la rafiki wa zamani au nywila nyuma ya daftari. Aidha, zawadi za mchezo huja bila ratiba. Mchezaji hajui ni adui wa ngapi atakayedondosha upanga adimu, na malipo yasiyotabirika hujenga mazoea magumu kuvunjika kuliko malipo ya kila mara.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Katika kikosi, mtu ana jina, wajibu na watu wanaomsubiri. Mfano unaojulikana ni wa Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na maradhi ya kudhoofika kwa misuli aina ya Duchenne na aliyefariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi bila marafiki. Walipotangaza kifo chake walipokea salamu za rambirambi kutoka kwa watu wa nchi kadhaa aliocheza nao World of Warcraft, ambao wengine aliwasaidia katika matatizo yao ya familia. Mtoa huduma anayemwambia mgonjwa kwamba “hao si watu wa kweli” hukosea ukweli, na humpoteza mgonjwa.

Sababu ya tatu ni ya kibiashara. Makampuni ya michezo huwatumia wachezaji wa zamani barua za kuwaita, huwapa zawadi za kurejea na huandaa matukio ya muda mfupi ili wasichelewe. Mengine huuza visanduku vya bahati, ambavyo mnunuzi hajui kilichomo mpaka alipe. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba visanduku vya namna hiyo vinakiuka sheria yake ya michezo ya kubahatisha. Mgonjwa aulizwe kuhusu fedha kama anavyoulizwa kuhusu usingizi.

Sababu ya nne ni upotevu. Mtu aliyefiwa, aliyeachika, aliyehamishiwa mbali au aliyepoteza kazi hutafuta mahali ambapo mambo yako kama alivyoyaacha. Uhusiano wa msiba na njozi umeonyeshwa na wasanii wenyewe. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliongoza utengenezaji wa mchezo Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024, akiongozwa na huzuni ya kumpoteza baba yake. Si mchezo wa mtandaoni, lakini unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, na shujaa wake hupatana na mungu wa kifo ili arudishiwe baba. Njozi inaweza kumsaidia mfiwa kuutazama msiba. Inaweza pia kumsaidia kuukwepa. Kazi ya mtoa huduma ni kutambua ni lipi linalotendeka.

Ni lini huwa maradhi?

Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya uchezaji wa michezo ya kidijiti katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Msimbo wake ni 6C51, ukifuata ule wa uraibu wa kamari, 6C50. Yanahitajika mambo matatu kwa pamoja:

1. Mtu ameshindwa kuudhibiti uchezaji: lini aanze, mara ngapi, kwa muda gani, na lini aache.
2. Mchezo umetangulia shughuli nyingine za maisha na mambo aliyoyapenda.
3. Anaendelea, au anazidisha, ingawa anaona madhara.

Hali hiyo iwe imeharibu kwa kiwango kikubwa familia, kazi, masomo au mahusiano, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12. Muda huo unaweza kufupishwa iwapo vigezo vyote vimetimia na dalili ni kali. Idadi ya saa si kigezo. Anayecheza saa nne kila Jumamosi, akalala vizuri na kutimiza wajibu wake, hana maradhi. Anayecheza saa mbili kila usiku kwa gharama ya ada ya mtoto anaweza kuwa nayo.

Uchambuzi uliojumuisha tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kwamba watu wapatao 3 katika kila 100 wana tatizo hili, na karibu 2 katika 100 ukihesabu tafiti zenye mbinu makini zaidi. Wengi wanaorudi katika mchezo, kwa hiyo, hawatahitaji tiba. Aliyewahi kushindwa kuudhibiti mchezo hapo awali ndiye anayestahili uangalifu mkubwa, kama anayeonja pombe baada ya kuiacha. Hata huyo akumbushwe kwamba miaka aliyokaa bila kucheza ni ushahidi wa uwezo wake.

Namna ya kuhoji

Mgonjwa hatafunguka akihisi anahukumiwa. Ahojiwe faraghani, kwa heshima inayolingana na umri na nafasi yake katika jamii. Maswali matano yanatosha kwa kuanzia:

1. Ulicheza lini mara ya kwanza, na kwa nini uliacha?
2. Uliporudi, nini kilikuwa kinatokea katika maisha yako?
3. Ukiwa mchezoni unapata nini usichokipata nje?
4. Ni kitu gani kimepungua tangu urudi: usingizi, fedha, kazi, mazungumzo nyumbani?
5. Umewahi kujaribu kupunguza? Ilikuwaje?

Swali la pili mara nyingi hufungua mlango. Baada yake, chunguza sonona, wasiwasi, ulevi na matatizo ya umakini, kwa kuwa mchezo unaweza kuwa njia ya kujitibu. Hojaji ya maswali 9 ya sonona (PHQ-9) imeshafanyiwa majaribio kwa Kiswahili nchini Tanzania, na inatumika hata zahanati. Usiache kuuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.

Uliza pia anacheza na watu wa wapi. Vikosi hukutana jioni kwa saa za wanachama walio wengi. Majira ya kiangazi ya kaskazini, saa 2 usiku ya London ni saa 4 usiku ya Tanzania. Saa 2 usiku ya New York ni saa 9 usiku kwetu. Mchezaji wa Mbebe aliyejiunga na kikosi cha Wamarekani atakuwa macho usiku wa manane hata kama anacheza saa mbili tu. Swali hilo moja laweza kueleza maumivu ya kichwa ambayo vipimo vingi vimeshindwa kuyaeleza.

Athari kwa mwili na kwa magonjwa mengine

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Mwanga wa kioo cha simu na msisimko wa mapambano huchelewesha usingizi, na ukosefu wa usingizi huongeza maumivu ya kichwa, hasira na huzuni. Kutazama kioo kwa makini hupunguza kupepesa, hivyo macho hukauka na kuwasha. Shingo, mgongo na vifundo vya mikono huuma kwa kukaa mkao mmoja. Kila baada ya dakika 20 mchezaji atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na kila saa asimame atembee.

Wagonjwa wa muda mrefu wana tahadhari zaidi. Anayetumia insulini asiruke mlo wala dozi kwa sababu pambano halijaisha. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha na asikae baridini usiku kucha, jambo lenye uzito katika milima ya Ileje. Mwenye kifafa ajue kwamba kukosa usingizi kunaweza kuamsha degedege, na kwamba wachache huathiriwa na mwanga unaomweka. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu aweke kengele ya dawa katika simu ileile anayochezea, naye aiheshimu kuliko mwito wa kikosi.

Matibabu na ushauri

Hakuna dawa mahususi iliyothibitishwa kwa maradhi haya. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya kisaikolojia, inayomfunza mtu kutambua vichocheo, kuzipima fikra zake na kubadili tabia. Utafiti uliofanyika Ujerumani na Austria, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wanaume 143 wenye uraibu wa michezo ya kompyuta na intaneti. Takriban 69 katika kila 100 waliopata tiba hiyo walipata nafuu kamili ya dalili, ikilinganishwa na 24 katika kila 100 waliokuwa wakisubiri zamu ya kutibiwa.

Zahanati haina mwanasaikolojia, lakini misingi ya tiba hiyo inaweza kuanzia pale:

Kwanza, tibu kilichomrudisha. Kama ni msiba, mpe nafasi ya kuuzungumza. Kama ni sonona, itibu kwa mwongozo uliopo.

Pili, kubalianeni lengo. Aliyewahi kuwa na uraibu mkali huenda akahitaji kuacha kabisa. Wengine huweza kucheza kwa mpaka: siku zilizotajwa, saa ya kuanza na kumaliza, na bajeti ya bando isiyoongezwa.

Tatu, badilisha mazingira. Simu ichajiwe sebuleni usiku, arifa za mchezo zizimwe, na akaunti ya fedha ya simu isiunganishwe na mchezo.

Nne, jaza pengo. Saa zilizoachwa wazi bila jambo la kufanya hurudi mchezoni. Kwaya, bustani, mpira, ziara kwa ndugu: mgonjwa achague mwenyewe.

Tano, tegemea kuteleza. Usiku mmoja wa kucheza mpaka alfajiri si kushindwa kwa tiba. Ni habari ya kuchunguza: nini kilitokea siku ile?

Familia isimnyang'anye simu wala kumfutia akaunti kwa siri. Mara nyingi hatua hiyo huleta ugomvi na kujificha. Ndugu watamsaidia zaidi kwa kumwalika mezani na kumsikiliza. Mwenye mawazo ya kujiua, sonona kali, deni kubwa au asiyepata nafuu apewe rufaa: hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kwa huduma za afya ya akili.

Mwisho wa kisa

Mwalimu alipata alama 13 katika PHQ-9, yaani sonona ya wastani, bila mawazo ya kujiua. Alikuwa akicheza na kikosi cha Wamarekani kuanzia saa 9 usiku. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa yakirudi bila kusahihishwa, na mara mbili mwalimu mkuu alimwonya kwa kuchelewa. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwamba hakumwahi mama yake.

Tabibu hakumkataza kucheza. Alimwomba mambo matatu: aende kaburini akiwa na mkewe, jambo alilolikwepa tangu msiba, simu ilale sebuleni, na aje kila Ijumaa kwa wiki kumi. Wiki ya pili aliwaandikia wenzake wa kikosi kwamba amefiwa na hatakuwa nao usiku. Walimjibu kwa pole. Alimwambia tabibu kwamba hakutarajia kulia kwa maneno ya watu asiowajua sura. Wiki ya sita, shule zikiwa zimefungwa, aliteleza na kucheza hadi asubuhi. Walipochunguza waligundua kwamba siku hiyo ilikuwa ya kutimia mwaka wa msiba. Wiki ya kumi alikuwa analala saa 7, kichwa kimetulia, na anacheza Jumamosi mchana kwa saa mbili. Alama zake zilishuka hadi 5. Daftari lile la shule sasa analo mwanawe mkubwa, anayemwuliza habari za bibi yake.

Mambo ya kukumbuka

Kurudi katika mchezo wa zamani si ugonjwa, bali kunaweza kuwa alama ya jambo lililopotea. Pima kwa madhara na udhibiti, usipime kwa saa pekee. Uliza kilichokuwa kikitokea mtu aliporudi. Linda usingizi na ratiba ya dawa kabla ya mengine yote.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayohitajika ili hali iitwe maradhi ya uchezaji.
2. Mgonjwa anacheza saa mbili tu kwa siku lakini halali. Utauliza nini kwanza?
3. Mzazi anataka kumfutia kijana wake mwenye umri wa miaka 22 akaunti yake. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Katika eneo lako la kazi, ni shughuli gani zilizopo ambazo mgonjwa anaweza kuzichagua kujaza saa alizozitoa mchezoni?